Kuku wa Kijamaika jikoni kwetu: Pilipili na moshi haviui vijidudu

Wiki hii safu yetu ya afya na usafi inaingia jikoni, na aliyetuingiza huko ni mtoto wa miaka miwili.

Siku ya nne baada ya Idd el Fitr bibi mmoja wa hapa Sumbawanga alimleta mjukuu wake zahanati. Mtoto alikuwa akiharisha tangu usiku, homa imepanda, macho yamedidimia, na akilia machozi hayatoki. Baada ya kumwamkia bibi na kumwanzishia mtoto maji ya chumvichumvi, nikauliza: "Bibi, mmekula nini nyumbani?" Akajibu: "Dokta, jana tumekula ugali na maharage tu, mjukuu wangu. Labda meno yanaota."

Nikamwomba arudi nyuma zaidi, hadi siku ya Idd yenyewe. Hapo ndipo habari ilipotoka. Mjomba wa mtoto, kijana aliyekuwa Dar es Salaam, alikuja na mapishi mapya aliyojifunza kwenye simu: kuku wa Kijamaika, mweusi kwa moshi na mkali kwa pilipili. Watu walimsifu sana. Kuanzia siku ya pili ya Idd, watu watano wa nyumba ile walishikwa na tumbo. "Lakini huyu mtoto," bibi akasisitiza, "kuku hakumgusa kabisa. Alikuwa mkali mno. Yeye tulimkatia matango."

"Matango yalikatiwa wapi, bibi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwenye ubao ule ule wa kuku."

Ndugu msomaji, zahanati haina maabara ya kuotesha vijidudu vya kinyesi, kwa hiyo siwezi kula yamini juu ya kijidudu gani kilichomwangusha mtoto yule. Alhamdulillah alipona. Lakini jibu la bibi lilinitosha kuona kwamba jambo hili linahitaji kuandikwa. Simkatazi mtu kumpika kuku huyu. Ni mtamu, na viungo vyake karibu vyote vinapatikana sokoni kwetu. Ninalotaka tukubaliane ni jambo moja: pilipili, ndimu na moshi ni ladha, na kinachoua vijidudu ni joto linalofika hadi mfupani. Kabla joto hilo halijafika, kila alichokigusa kuku mbichi kihesabu kuwa hakijawa safi.

KUKU HUYU AMETOKA WAPI?

Mapishi haya huitwa jerki, na asili yake ni kisiwa cha Jamaika. Waingereza walipowanyang'anya Wahispania kisiwa hicho mwaka 1655, Waafrika wengi waliokuwa watumwa walitorokea milimani. Hao na wazao wao ndio walioitwa Wamaruni. Walipigana na Waingereza miaka mingi, hadi mwaka 1739 Waingereza wakalazimika kutia saini mkataba nao. Huko msituni waliishi kwa kuwinda, wakaipaka nyama chumvi, pilipili na viungo, wakaipika polepole juu ya moshi wa mti uitwao pimento. Nyama yao ya mwanzo ilikuwa ya nguruwe mwitu, ambayo sisi imetuharamikia. Kuku alikuja baadaye, na leo ndiye anayejulikana zaidi duniani.

Tunda kavu la mti huo wa pimento lina harufu ya karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja, na si ajabu, kwa sababu mti huo ni wa ukoo mmoja na mkarafuu na mpera. Pilipili yao nayo ni ndugu wa karibu wa pilipili mbuzi tunayoijua. Hivyo basi, mwenye karafuu ya Unguja au Pemba, kipande cha mdalasini na pilipili mbuzi mbili amekwisha fika nusu ya safari.

ANZA NA KUKU ALIYE MZIMA

Mapishi salama huanza bandani. Kuku wetu wa Ufipa wanasumbuliwa sana na mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huzubaa, hushusha mabawa, huharisha kijani, wengine hupinda shingo, na banda zima linaweza kwisha ndani ya siku chache. Hapo ndipo husikika kauli isemayo, "Wahi umchinje kabla hajafa."

Kuku aliyekwisha kufa hana mjadala. Ni nyamafu, na Suratul Maida aya ya 3 imekwisha tukataza. Ama yule anayekata roho, hukumu yake waulize masheikh, lakini mimi kama tabibu nakuambia usimpeleke mezani. Ugonjwa wa mdondo wenyewe kwa binadamu kwa kawaida hauendi mbali zaidi ya kuvimba macho kwa siku chache. Tatizo ni kwamba wewe na mimi hatuwezi kujua kwa macho kama kilichomlaza kuku yule ni mdondo au ni jambo lingine zito zaidi. Qur'an imetutajia chakula cha halali pamoja na kilicho kizuri. Tusichukue neno la kwanza tukaliacha la pili. Kinga ya mdondo ipo na ni rahisi: tone moja la chanjo jichoni mwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Muulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako.

Ukinunua kuku wa kisasa, muulize mfugaji kama aliwapa dawa hivi karibuni na kama siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa zimekwisha. Dawa inayobaki nyamani inatuingia sisi.

Mchinje kwa kisu kikali kama tulivyofundishwa, umwache damu imtoke na atulie kabisa. Usimtumbukize katika maji ya moto angali akipapatika. Kufanya hivyo ni kumtesa, na uchafu wa majini unaweza kumwingia kabla hajafa. Unapomtoa matumbo, fanya taratibu utumbo usipasuke, kwa sababu ndani ya utumbo ndimo yanamokaa makao makuu ya vijidudu.

KISU, UBAO NA BESENI

Vijidudu viwili vinatuhusu hapa. Cha kwanza ni salmonela, na cha pili ni kampilobakta. Vyote huishi tumboni mwa kuku bila kumdhuru, kwa hiyo kuku mnene mwenye manyoya ya kung'aa anaweza kuwa navyo. Wasomaji wengi wakisikia salmonela hudhani ni taifodi. Ni ndugu, lakini si kimoja. Kijidudu cha taifodi huishi ndani ya binadamu peke yake na hutoka kwa binadamu kwenda kwa binadamu. Hiki cha kuku huleta kuharisha, homa na tumbo la kukata.

Salmonela huanza kuuma ndani ya saa 6 hadi siku chache, na kampilobakta kwa kawaida huchukua siku 2 hadi 5. Ndiyo maana yule bibi alikuwa akiyalaumu maharage ya jana ambayo hayakuwa na kosa.

Sasa shika mambo haya. Kama kuku umemchinja mwenyewe, lazima umwoshe, lakini usimwoshe chini ya bomba linalomwaga kwa nguvu. Matone yake huruka na kutua kwenye vyombo, kanga na mboga. Tumia beseni lenye maji, osha taratibu, kisha maji yale yamwage chooni, wala si kwenye bustani ya mchicha. Kuku aliyenunuliwa akiwa amekwisha safishwa hahitaji kuoshwa tena. Beseni, kisu, ubao na mikono vioshwe kwa maji na sabuni hapo hapo kabla hujagusa kitu kingine.

Aidha, kachumbari, matango na matunda yakatwe kwanza, yafunikwe, ndipo kuku mbichi aguswe. Mwenye uwezo awe na mbao mbili. Ubao mmoja wa ziada ni bei ndogo kuliko nauli ya kumkimbiza mtoto hospitali usiku.

VIUNGO NA VIPIMO

Kwa kuku mmoja wa kilo moja na nusu, tayarisha vitu hivi: pilipili mbuzi 2, vitunguu vya majani 4, punje 5 za kitunguu saumu, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, kijiko kidogo kimoja cha pilipili manga, nusu kijiko kidogo cha karafuu ya kusaga, nusu kijiko kidogo cha mdalasini, robo kijiko kidogo cha kungumanga, kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi, kijiko kikubwa kimoja cha sukari, maji ya ndimu 2 na vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya alizeti, ambayo Rukwa tunayo. Wajamaika huongeza majani ya zaatari. Ukiyapata weka, ukiyakosa usihangaike. Wapo wanaotia pombe ya ramu. Sisi hatuihitaji, na kuku hapungukiwi kitu.

Twanga au saga vyote pamoja. Kabla kuku hajagusana na viungo hivyo, chota vijiko vitatu uviweke katika bakuli lake, vya kumpaka mwishoni. Vilivyobaki ndivyo vya kumpaka akiwa mbichi, na vikishamgusa mbichi havirudi tena kwenye kuku aliyeiva wala havigeuzwi mchuzi wa kuchovya. Kosa hili ndilo linalofanywa zaidi: kuku ameiva vizuri, kisha mpishi anamalizia kwa kumpaka maji yale yale aliyolalia akiwa mbichi.

Pilipili mbuzi ishike kwa mfuko wa nailoni mkononi. Ukali wake unayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo mikono iliyowasha ipake mafuta ya kula kwanza, kisha ioshe kwa sabuni. Usimshike mtoto machoni kabla ya hapo.

BARIDI YA UFIPA SI JOKOFU

Wajamaika hupenda kuku alale na viungo usiku kucha. Mwenye jokofu linalofanya kazi afanye hivyo, kuku akiwa ndani ya chombo chenye kifuniko, rafu ya chini kabisa, asidondokee vyakula vingine. Lakini wengi wetu hatuna jokofu, na nimesikia watu wakisema, "Kwa baridi ya Julai hapa Sumbawanga, kuku hawezi kuharibika."

Ndugu msomaji, jokofu linatakiwa liwe chini ya nyuzi 5. Jikoni kwako, hata usiku ule unaojifunika mablanketi mawili, hapafiki huko. Vijidudu huzaana kati ya nyuzi 5 na 60, na ndimu haivizuii vyote. Usiye na jokofu mwache kuku na viungo kwa muda usiozidi saa moja, kisha mwingize motoni. Umchanje kwa kisu sehemu za mapaja na kifua ili viungo vimwingie upesi.

MOTO WA POLEPOLE

Jerki haipikwi kwa moto mkali. Siri yake ni mkaa uliokwisha shika vizuri na kupungua ukali, kuku awe juu kidogo, afunikwe kwa sufuria au bati safi ili moshi umzunguke, na ageuzwe mara kwa mara. Kuku wa kisasa aliyepasuliwa katikati huchukua saa moja hivi, na vipande vidogo huwahi zaidi. Mjomba wa yule mtoto alikoka moto mkali. Sukari na viungo vikaungua upesi, ngozi ikawa nyeusi ndani ya robo saa, naye akadhani kazi imekwisha. Weusi ule ulikuwa wa sukari iliyoungua, na ndani paja lilikuwa bado na damu.

Ama kuku wa kienyeji, hasa jogoo aliyekomaa, usimwanzishe kwenye mkaa. Mchemshe kwanza kwa chumvi na tangawizi mpaka alainike, umpake viungo, kisha umchome kwa dakika 20 hivi ashike rangi na moshi. Hapa kuna jambo la kijiografia. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Sumbawanga ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Joto hilo linatosha kabisa kuua vijidudu, lakini nyama na maharage huchelewa kulainika. Mgeni wa kutoka Tanga anayepika kwa saa ya kwao atakula jogoo mgumu. Mwongezee muda.

Utajuaje kuwa ameiva? Mpasue pale paja linapoungana na mwili. Maji yatoke meupe, si ya damu, na nyama iachie mfupa. Kipimo cha uhakika ni kipimajoto cha jikoni kinachochomwa ndani ya nyama bila kugusa mfupa, nacho kisome nyuzi 74. Tafadhali usichukue kile cha kupimia homa ya mtoto. Kile kinaishia nyuzi 42, kitapasuka na kukuharibia chakula.

Sehemu zilizoungua na kuwa makaa zikatwe zitupwe. Mafuta yanayodondokea motoni hutoa moshi wenye kemikali ambazo wataalamu wanazihusisha na saratani, kwa hiyo punguza ngozi yenye mafuta mengi, na mapishi haya yawe ya siku moja moja. Kwa moshi wa harufu nzuri, vijiti vikavu vya mpera vinafaa. Usitumie mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa. Wala mtu asiende kukata mti msitu wa Mbizi kwa ajili ya karamu. Msitu ule una kazi ya kutulindia maji. Na anayetengeneza jiko la pipa kama wafanyavyo Wajamaika, ahakikishe pipa halikubeba dawa za shamba.

JIKO LIBAKI NJE

Jambo hili ni zito kuliko kuharisha. Ufipa jioni ni baridi, na baada ya kuchoma mkaa hubaki unawaka bila moshi. Watu huliingiza jiko chumbani wapate joto, mlango ukafungwa, watoto wakalala. Mkaa ule usiotoa moshi ndio unaodanganya zaidi. Unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa hewa huku akipumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na wengi huziita malaria. Wengine hawaamki. Ukikuta watu katika hali hiyo, fungua milango, watoe nje mara moja, wapelekwe hospitali wakapewe oksijeni. Kuku achomwe nje au penye upepo wa kutosha, na mkaa uliobaki uzimwe huko huko nje.

BAADA YA KULA, NA MTU AKIUGUA

Kuku aliyeiva asikae mezani zaidi ya saa 2. Asiye na jokofu apike cha kumalizika, na jirani apelekewe sehemu yake kingali cha moto. Kinachopashwa tena kipashwe mpaka kiwe cha moto ndani, si vuguvugu.

Akiharisha mtu, cha kwanza ni maji. Pakiti ya maji ya chumvichumvi, yaani ORS, ichanganywe na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa juu yake. Ukiikosa, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto anyonyeshwe na alishwe kama kawaida, na zahanati atapewa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Usikimbilie kununua vidonge vya kuua vijidudu duka la dawa bila kupimwa. Kuharisha kwingi hupoa bila hivyo, na dawa zikitumiwa ovyo siku ya haja hazitafanya kazi.

Wahi kituo cha afya ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kila kitu, macho kudidimia, mkojo kukauka, au mtoto kushindwa kunywa. Watoto chini ya miaka mitano, wazee, wajawazito, wenye seli mundu na wenye upungufu wa kinga wasisubiri kabisa.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mambo matano ya chakula salama: usafi, kutenganisha kibichi na kilichoiva, kupika kikaiva, kuhifadhi kwenye joto linalofaa, na kutumia maji na vyakula salama. Ukiyatazama vizuri, nyumba ile ya Idd ilikosa mawili tu, la pili na la tatu. Mawili hayo yalitosha kulaza watu watano na mtoto.

Nilipomwona bibi tena alikuja kwa ajili ya presha yake. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za mjukuu. Akasema anakimbia uwanja mzima. Kisha akaniambia kwamba mjomba amenunua ubao wa pili, ameuandika kwa kalamu ya wino "KUKU", na siku ya kupika tena ametangaza kuwa matango yatakatwa asubuhi.

Nawe msomaji, kabla hujawasha mkaa, tazama mbao za jikoni kwako. Wabillahi tawfiq.